Uzi: Kelele za usiku mtaani Nakuru. Pima dirishani kwako kabla hujaenda kuripoti

Kipimo58 (Nakuru), mwanzisha uzi

Wadau, hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo miezi kumi na moja. Leo nalitoa lote kwa sababu kila wiki kuna mtu anauliza hapa, "Klabu imefunguliwa karibu na kwetu, niende wapi?" na anachopata ni hasira za wenzake tu.

Ninaishi Section 58. Nyuma ya ploti yetu palifunguliwa klabu ya paa la mabati, upande mmoja mbao na turubai. Alhamisi hadi Jumapili muziki unaanza saa tatu usiku na kwisha kukikaribia kupambazuka. Binti yangu wa darasa la pili ikabidi awe analala kwa nyanya yake Lanet siku hizo. Kitanda chake kiko hapa, kimetandikwa, hakina mtu. Hilo liliniuma kuliko usingizi wangu mwenyewe.

Niliporipoti mara ya kwanza niliulizwa, "Kelele ni kiasi gani?" Nikajibu, ni nyingi sana. Ikaandikwa hivyo hivyo kitabuni: nyingi sana. Usiku wakaja maafisa wawili. Muziki ulishushwa kabla hawajatoka garini, wakasimama langoni dakika chache, wakanipigia simu kuniambia mbona si kali. Gari lao halijafika barabara kuu, besi ikarudi. Tulikwenda hivyo mara nne. Mara ya tano hawakuja.

Ilinichukua muda kuelewa tulipokuwa tunakosea. Tulikuwa tunabishana kwa masikio. Mimi nina yangu, mwenye klabu ana yake, afisa ana yake na amefika saa ambayo si ya kelele, amesimama mahali ambapo si pa kulala.

Kanuni zenyewe zipo. Ni zile za kudhibiti kelele na mtetemo za 2009, Tangazo la Kisheria namba 61, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Jedwali la kwanza linagawa mahali katika kanda tano. Mchana, kanda ya kimya na mahali pa ibada ni desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Makazi ni 50 nje ya nyumba na 45 ndani. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55. Eneo la biashara ni 60. Usiku kanda zote tano zinashuka hadi 35. Na usiku wa kanuni hizi hausubiri saa sita kama wengi wanavyodhani. Unaanza saa 2:01 usiku na kwisha saa 12:00 asubuhi.

Nikaazima mita ya kelele kwa rafiki anayeshughulikia usalama wa wafanyakazi kiwandani. Viwanda vina kanuni zao za 2005, mfanyakazi asikae kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane, kwa hiyo mita hizo zipo mjini kuliko tunavyofikiri. Alinifundisha mambo ambayo sasa nawaomba myashike.

Kabla ya kupima, mita inavikwa kile kifaa kidogo kinachotoa sauti moja ya desibeli 94, uone kama inasoma 94. Ukimaliza unarudia. Bila hivyo mtu yeyote atakuambia mita yako ni mbovu na huna jibu. Mita iwekwe kwenye kipimo A, kile kinachofuata sikio la mtu, sifongo ya upepo iwe juu ya maikrofoni, isimame kama mita moja na nusu kutoka chini. Ukiwa nje kaa mbali na ukuta, mita tatu unusu hivi, kwa sababu ukuta unarudisha sauti na kukuongezea takriban desibeli 3 zisizo zako. Usiishike mkononi huku unaongea. Niliiweka kwenye stendi ya kamera, nikairuhusu irekodi robo saa, nikaandika pembeni kila kilichopita: trela saa tano na dakika kumi, mbwa wa jirani, boda.

Kisha kuna kipimo ambacho karibu kila mtu anakiruka: pima pakiwa kimya. Saa ile ile, mahali pale pale, usiku ambao klabu imefungwa. Kwangu Jumanne saa sita usiku palisoma 44, hiyo ni barabara kuu na mbwa. Ijumaa saa sita palisoma 58. Tofauti ya 14. Hapo ndipo nilipoacha kusema "nyingi sana".

---

BodaLanet

Pole sana ndugu. Huyo mtoto sasa analala wapi?

---

Kipimo58

Amerudi nyumbani. Nitafika huko, kuna hatua kadhaa hapo katikati.

---

FundiSpika (Nakuru)

Mimi nafunga mitambo ya sauti, klabu na makanisa, miaka kumi na miwili sasa. Nimesoma kwa heshima na sitabisha kwamba mlikuwa mnaumia. Lakini hiyo 35 niulizeni mimi. Nendeni Kiamunyi usiku mvua ikishanyesha, simameni uani bila redio, bila gari. Vyura na nyenje peke yao wanaipita. Wewe mwenyewe umesema Jumanne bila klabu ni 44. Kwa hiyo mtaa wako umevunja kanuni kabla dijei hajafika kazini. Mwenye klabu akiambiwa 35 anaona hakuna anachoweza kufanya hata akitaka, basi anaacha kujaribu. Nimewasikia wakisema hivyo mbele yangu, si mara moja.

Na jambo la pili. Watu wanafikiri desibeli ni kama kilo. Spika mbili zinazolingana hazifanyi 60 kuwa 120, zinafanya 63. Ukitaka sikio lisikie kama mara mbili unahitaji 10 zaidi, na hizo 10 ni nguvu mara kumi ya umeme. Ukiambia mteja ashushe desibeli 10 anakuona humtakii mema, anafikiri umemwomba kitu kidogo au umemwomba afunge. Lazima umwekee mkono kwenye miksa umwonyeshe.

---

Kipimo58

Ndugu FundiSpika, umegusa kiini, na hapa nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ile 35 moja kwa kila mahali ndiyo inayowafanya maafisa wasiitumie. Afisa akijua kwamba hata kimya cha mtaa kinashindwa mtihani, anaogopa kupeleka karatasi hiyo mbele ya hakimu, anarudi kwenye kubembelezana.

Lakini tazama wenzetu walifanyaje. Uingereza wana sheria ya kelele za usiku ya 1996. Wanapima ndani ya nyumba ya mlalamikaji, kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi. Wanatafuta kwanza kimya cha chumba kile. Kikiwa 24 au chini, kelele isizidi 34. Kikiwa juu ya 24, kelele isizidi kimya hicho kwa zaidi ya 10. New York waliandika upya kanuni zao 2005, zikaanza 2007: muziki wa biashara ukipimwa ndani ya nyumba ya jirani usizidi 42, na besi ina kikomo chake peke yake, 45 katika kila kipande cha masafa ya chini kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 63 hadi 500.

Mambo mawili hapo ndiyo ninayoyapigania kwa kaunti zetu. Pima kwa anayelala, usipime langoni kwa anayepiga. Na linganisha na kimya cha mahali hapo. Kanuni za 2009 zenyewe haziishii kwenye jedwali. Zinakataza pia kelele ya kuudhi, na zinamwambia afisa aangalie saa, ukaribu na makazi, kama kelele inajirudia, kama imekuzwa kwa umeme, na kama ingepunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Afisa mwenye tofauti ya 14 mkononi anaweza kusimama juu ya maneno hayo bila kugusa 35.

---

WakiliMtarajiwa

Swali. Jedwali linasema wastani wa saa kumi za usiku, ile inayoandikwa Leq. Wewe umepima robo saa. Mwenye klabu si atasema muziki ulikuwa saa chache tu, ukigawa kwa saa kumi unashuka?

---

Kipimo58

Atasema, na alisema. Lakini wastani huu hugawa nishati, haugawi namba. Muziki wa 58 ukipigwa saa tano kati ya kumi, na hizo nyingine tano pawe kimya kabisa, wastani unashuka kwa 3 tu, inakuwa 55. Hata ukipigwa saa moja pekee unashuka kwa 10, inakuwa 48. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yao, robo saa yako irudie mara tatu au nne usiku huo huo, kila moja na saa yake. Ndiyo maana daftari ni muhimu kuliko mita.

---

BodaLanet

Nyinyi wa Section 58 mna uwanja kati yenu na klabu. Dada yangu anakaa Kaptembwo, baa iko chini, yeye orofa ya pili juu yake. Anasema hasikii maneno ya wimbo, anasikia kifua kinagonga, glasi zinatikisika kabatini. Alipima kwa simu ikamwambia 41. Akaonekana mwongo.

---

FundiSpika

Si mwongo. Simu imempima kwa kipimo A, na kipimo A kimetengenezwa kufuata sikio kwenye sauti ndogo, kwa hiyo kinaikata besi vibaya sana. Kwenye hezi 63 kinaondoa desibeli 26. Yaani ile wufa, spika ya besi, inayotikisa glasi, mita inaiona kama mnong'ono. Mita nzuri ina kitufe cha kipimo C, ambacho besi hiyo hakiigusi hata desibeli moja nzima. Apime A, apime C. Tofauti ikipita 15 au 20 basi tatizo lake ni besi, na hakuna pazia wala dirisha litakalomsaidia. Mlio mwembamba unazuiwa na mlango wa mbao. Wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, linapita ukutani.

Isitoshe wufa za baa nyingi zimekaa moja kwa moja kwenye sakafu ya zege. Hapo jengo zima limekuwa spika. Mwambieni mwenye baa ainyanyue, aweke raba nene chini yake au hata vipande vya tairi, ailetee mbele isigusane na nguzo. Kazi ya asubuhi moja. Mimi nimeifanya mahali pengine na waliokuwa juu walishuka kunishukuru.

---

Kipimo58

Kuhusu simu: maikrofoni zake na programu zake hazilingani, simu mbili mezani pamoja zinaweza kupishana sana. Itumieni kwa shajara ya kila siku, kuonyesha kwamba Ijumaa si kama Jumanne. Ukipata nafasi iweke kando ya mita halisi uone inapotoka kwa kiasi gani. Usiipeleke kortini peke yake.

Mwambie dada aandike pia mtetemo. Kanuni za 2009 zina kikomo chake, sentimita 0.5 kwa sekunde kupita mpaka wa mali inakotoka.

---

AfyaMstaafu (Njoro)

Wanangu, nimefanya kazi ya afya ya jamii tangu siku za baraza la manispaa, nimestaafu. Ruhusuni mzee aseme upande wa ofisi.

Watu wanadhani kelele ni kazi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, peke yake. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, ile orodha ya kazi za kaunti. Namba tatu ni kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje. Namba nne ina leseni za vileo. Zote mbili ziko mikononi mwa kaunti moja. Afisa wa mazingira na kamati ya leseni wanaweza kuwa kwenye jengo moja wasizungumze mwaka mzima, na hapo ndipo mwananchi anapotea.

Ushauri wangu, usipigane na usiku mmoja mmoja. Pigana na leseni. Leseni ya baa huisha na kuombwa upya. Ile sheria ya vileo ya 2010 ambayo watu wameizoea kwa jina la Mututho, aliyekuwa mbunge wetu wa Naivasha, iliweka baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, ikakataza baa ndani ya mita 300 za shule ya watoto, na ikataka maombi yatangazwe ili watu wapinge. Siku hizi kaunti zina sheria zake, lakini mlango wa kupinga upo. Barua ya pingamizi yenye tarehe, saa, vipimo viwili na sahihi za nyumba kumi na mbili nimeiona ikibadilisha kikao. Barua ya matusi nimeiona ikienda chini ya rundo.

Ukiwa umemaliza milango yote, Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba mtu ameumia au amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa hapa Nakuru, na Kisumu pia. Lakini nendeni huko mkiwa mmeshazungumza na jirani kwanza. Jaji atauliza.

---

NyaKisumu

Shikamoo mzee, asante sana. Nami nilete ya Kisumu.

Mimi naishi Nyalenda, na kinachotukesha sisi ni ibada. Kanisa la mabati, spika mbili juu ya paa zimeelekea nje, kesha Jumatano na Ijumaa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mimi ni Mkristo, naimba kwaya kwingine, na nilijisikia kama namshtaki Mungu. Nilikaa mwaka bila kusema. Mama mkwe wangu ana presha, akawa anaamka saa nane usiku anakaa sebuleni akisubiri waseme amina ya mwisho.

Kuna jambo la ziwa ambalo sikulijua. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, hivyo sauti badala ya kupanda inapinda kurudi chini. Rafiki zangu wa Dunga wanasikia muziki wa ufukweni ng'ambo ya maji kana kwamba uko mlango wa pili, na mchana spika hiyo hiyo hawaisikii. Kwa hiyo mchungaji aliponiambia "mchana tunapima sauti na hakuna anayelalamika" alikuwa anasema kweli yake. Saa nane ya mchana na saa nane ya usiku ni nchi mbili.

Tulienda wanawake watatu, tukamsalimu mchungaji na mama mchungaji, tukakaa, tukanywa chai. Sikutaja kanuni. Nilimwomba aje kwetu usiku wa Ijumaa akae na mama mkwe nusu saa tu, ibada ikiendelea. Alikuja. Alikaa dakika ishirini, akanyamaza, akaomba na mama, akaondoka. Jumapili iliyofuata zile spika za paa ziliteremshwa. Sasa zimo ndani, zinawaangalia waumini. Kesha linaendelea na tunaimba nao wakati mwingine.

---

FundiSpika

Dada umenifundisha kitu. Spika za paa ni za kutangazia mtaa, na waliomo ndani wala hawazihitaji. Kanisani spika ndogo nne zilizo karibu na watu zinasikika vizuri zaidi kuliko mbili kubwa madhabahuni zinazolazimishwa kufika mlangoni. Sauti ikitoka mahali pamoja wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili inapungua 6. Ukiwa na 85 kwenye mita 10, mita 20 ni 79, mita 40 ni 73, mita 80 ni 67, mita 160 bado ni 61. Anayekaa nyumba ya nne analipa kwa ajili ya yule wa benchi la nyuma. Bora spika imfuate wa benchi la nyuma.

---

Abu_Bondeni

Naomba tuwe waangalifu adhana isitiwe kapu moja na klabu. Ni dakika chache, inajulikana saa yake, mtaa wetu umeishi nayo vizazi.

---

Kipimo58

Ndugu yangu, nakubaliana nawe. Dakika chache zinazojulikana ni jambo la majirani kukaa na kamati ya msikiti na kuangalia spika imeelekea wapi, basi. Hapa tunazungumzia saa saba mfululizo.

---

MtotoWaKakamega

Nyinyi mna klabu zenye lango na leseni. Sisi huku tuna disko matanga. Haina leseni, haina mwenyewe, jenereta inakuja na pikapiki, spika zimekodishwa, inaitwa mchango wa mazishi. Machifu wamepiga marufuku mara nyingi. Wasichana wetu wameharibikiwa huko usiku, kila mzazi wa hapa anajua, kwa hiyo kwangu kelele ni sehemu ndogo ya tatizo.

Lakini nina swali la moyoni. Nilizaliwa Shinyalu. Isukuti ni ngoma yetu, Waisukha na Waidakho, UNESCO waliiorodhesha 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Isukuti kwenye matanga inasikika hadi kilima cha pili. Je, chifu akija na hiyo mita yenu, atafunga isukuti pamoja na disko?

---

AfyaMstaafu

Mwanangu, swali lako ni zito kuliko mengi humu. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Rudi kwenye yale maneno aliyoyataja Kipimo58: kama kelele imekuzwa kwa umeme, kama inajirudia, kama ni saa ya kulala. Ngoma inapigwa na mikono ya watu, mikono inachoka, mchezaji anapumzika, na kijiji kizima kinajua ni msiba wa nani. Jenereta haichoki. Afisa mwenye akili anaona tofauti hiyo, na kaunti inayotunga sheria ndogo ingefaa kuiandika waziwazi isiachwe kwa hiari ya chifu. Ngoma na vilio vya msiba vitajwe kwa majina yake. Spika za kukodisha zitajwe kwa majina yake, na saa ya kuzima.

Mimi nimezika ndugu Vihiga kwa nyimbo za usiku kucha. Hakuna jirani aliyelala, na hakuna aliyetaka kulala.

---

MtotoWaKakamega

Asante mzee. Hilo la kutaja kwa majina nitalipeleka baraza.

---

BodaLanet

Kipimo, ulisema utamalizia ya klabu.

---

Kipimo58

Ndiyo. Nilifanya kama mzee alivyosema, ingawa wakati huo sikumjua. Niliandika kurasa mbili: ramani ya kuchora kwa mkono, usiku sita wenye kelele, usiku tatu wa kimya, saa zote, nyumba kumi na moja zikatia sahihi. Nyumba moja ilikataa kwa sababu kijana wao anafanya kazi pale jikoni, na sikuwalaumu. Nakala nilimpelekea mwenye klabu kwanza, mkononi, kabla ya kamati ya leseni. Alisoma amesimama. Alichonishangaza aliuliza, "Hii 44 ni ya nini?" Nikamweleza ni mtaa wetu bila yeye. Hakuwahi kuonyeshwa. Muda wote alikuwa anatajiwa 35 na kutishiwa kufungiwa.

Kamati ilimpa leseni kwa masharti, na masharti yenyewe ni ya kupimika: upande wa turubai ujengwe ukuta wa mawe, milango iwe miwili yenye nafasi katikati ili mmoja ukifunguliwa mwingine uwe umefungwa, amplifaya iwekewe kidhibiti kinachofungwa kwa ufunguo ili dijei asipandishe, muziki wa nje uzimwe saa nne. Na kipimo kifanyike dirishani kwangu, yeye akiwepo.

Tumekipima majuzi, Ijumaa saa sita usiku. Palisoma 47. Ukiwa na 47 yenye kila kitu na 44 ya barabara peke yake, tofauti ni 3, unatoa 3, kwa hiyo klabu peke yake sasa ni kama 44. Bado ni juu ya 35 ya kanuni, na nilimwambia hivyo uso kwa uso. Lakini kutoka 58 hadi hapo ni mbali sana. Nikifunga dirisha siisikii. Besi inasikika kidogo chumba cha nyuma, na ndugu FundiSpika akiwa na nafasi naomba aje atutazamie zile wufa, mwenye klabu amekubali kulipa.

Mtoto alilala kwake Ijumaa mbili mfululizo. Ya kwanza aliamka mara moja akauliza kama wamehama.

---

FundiSpika

Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa hapo. Nitakuja na raba. BodaLanet, nipe namba ya dada yako kwa ujumbe wa faragha, Kaptembwo nitapitia nikitoka Section 58. Kipimo, niazimie hiyo mita yenye kitufe cha C.

---

Kipimo58

Nitakuwa nayo kuanzia Jumapili jioni. Betri mpya nitaweka.